"Namusikia Papa": Mwanafunzi Mgeni na Tiba ya Akili Chini ya Milima ya Uluguru

Kijana aliletwa jioni na wenzake wawili, wakati mvua za masika zilikuwa zimeifunika milima ya Uluguru kwa ukungu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Morogoro, mzaliwa wa mashariki ya Kongo. Kwa wiki kadhaa alikuwa halali vizuri, hali chakula cha kutosha, wala hahudhurii vipindi. Mimi nilikuwa nasomea ubingwa wa magonjwa ya akili, na nilijiona nimekwisha kuiva. Nilimwuliza maswali yangu kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswahili. Sikuona haja ya mkalimani. Nilipomwuliza ni kitu gani kinachomsumbua usiku, alijibu: "Namusikia papa. Kila usiku namusikia."

Niliandika katika jalada lake kwamba anasikia sauti ya mtu asiyekuwapo. Nilijumlisha jambo hilo na ukosefu wa usingizi, kujitenga na watu na kuporomoka kwa masomo, nikahitimisha kwamba huo ni mwanzo wa saikosisi. Nikamwandikia haloperidoli. Siku ya tatu alirudishwa shingo ikiwa imekakamaa upande mmoja na macho yamegeukia juu. Hayo ni madhara ya dawa ile yanayojulikana sana, hasa kwa vijana wa kiume. Tulimpa dawa ya kuyaondoa, akatulia.

Zamu ile alikuwapo muuguzi wa makamo, mzaliwa wa Matombo. Aliketi kando ya kitanda, akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, unaposema unamsikia baba, huwa anakwambia nini?"

"Hasemi kitu, mama. Namusikia tu. Ni kama amekaa pale."

"Na baba yuko wapi sasa?"

"Alikufa. Walimuzika, mimi niko huku."

Nimebadilisha mambo machache katika kisa hiki ili mhusika asitambulike, lakini kosa langu nimeliacha kama lilivyokuwa. Naliandika kwa sababu wahudumu wengi wa afya wanaweza kulifanya kesho asubuhi, na kwa sababu wapo wagonjwa wanaolibeba bila kujua namna ya kulisahihisha.

Kiswahili kimoja, masikio mawili

Kitenzi "kusikia" ni kipana kuliko sikio. Waswahili husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu na husikia raha. Mimi mwenyewe nimekua nikisema hivyo. Hata hivyo, nilipokuwa nimevaa koti jeupe na nina orodha ya dalili kichwani, neno hilo lilibaki na maana moja tu, ile iliyomo katika kitabu cha mitihani. Kijana alinieleza kwamba anahisi uwepo wa baba yake. Mimi nikaandika kwamba anasikia sauti.

Kuhisi uwepo wa marehemu ni jambo la kawaida katika maombolezo. Mwaka 1971 daktari wa familia huko Wales, W. Dewi Rees, alichapisha utafiti aliowahoji wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walisema wamewahi kumwona, kumsikia au kuhisi uwepo wa mwenzi aliyefariki. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, sembuse daktari. Iwapo ndivyo ilivyo Wales, hatuna sababu ya kushtuka tunapolikuta jambo hilo kwa kijana wa Kongo aliyefiwa akiwa mbali na kwao.

Hakuwa mzima, hata hivyo. Alikuwa na sonona: usingizi wa vipande vipande, kukosa hamu ya chakula, kujilaumu na kukata tamaa. Alihitaji matibabu, ila si yale niliyompa. Nami nilikosea kwa sababu ya mambo yaliyoonekana kutukaribisha. Tungekuwa na lugha mbili tofauti, ningemwita mkalimani na kuuliza kila neno lina maana gani. Kwa kuwa sote tulikuwa tunasema Kiswahili, nilidhani tunaelewana.

Mazimbu: wanafunzi wasioweza kwenda kuzika

Morogoro si mji mgeni kwa wanafunzi wageni. Kilomita chache kutoka mjini, mahali palipokuwa shamba la mkonge, pana Mazimbu. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao. Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC ardhi ya Mazimbu, na huko ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na madarasa, mabweni, mashamba, karakana, kituo cha watoto wadogo na hospitali. Baadaye yakaongezwa makazi mengine Dakawa. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo inayobeba jina lilelile la Solomon Mahlangu.

Vijana wale walifika wakiwa wameona risasi na vizuizi, na wengine wakiwa wameacha nyumbani wazazi wasiojua walikokwenda. Walisoma kwa Kiingereza, wakaongea wao kwa wao Kizulu, Kixhosa au Kisotho, na nje ya lango wakakutana na Kiswahili na Kiluguru. Barua ya nyumbani ingeweza kumponza aliyeiandika. Mzazi alipofariki, mtoto hakuweza kwenda kuzika. Wapo waliofariki wenyewe wakiwa huku, na makaburi yao yako Mazimbu hadi leo.

Idara ya afya ya ANC ililazimika kuyakabili magonjwa ya akili kati ya wahamishwa wake. Mmoja wa madaktari waliojitoa kwa kazi hiyo ni Freddy Reddy, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeondoka kwao akiwa kijana, akasomea udaktari nchini Norwei na kuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Baadaye alisafiri kwenda kuwahudumia wahamishwa wenzake katika makazi yao barani Afrika, Angola ikiwamo. Alikuwa daktari aliyewahi kuwa mwanafunzi ugenini. Alijua kutoka maishani mwake jinsi mtu anavyoweza kufaulu mitihani huku moyo wake ukiwa umebaki kwao.

Nimewahi kuyatembelea makaburi yale ya Mazimbu, miaka kadhaa baada ya kukutana na yule kijana wa Kongo. Nilimkumbuka nikiwa nimesimama pale. Kizazi kizima cha wanafunzi kilipita katika mji huu kikiwa na msiba usiozikwa, nami nilikuwa nimesoma ubingwa wangu bila kufundishwa habari hiyo hata siku moja.

Madaktari waliokubali kufundishwa

Wapo watangulizi wetu waliokosea kwanza, kisha wakajifunza. Frantz Fanon alizaliwa kisiwani Martinique, akasomea udaktari Lyon nchini Ufaransa, na mwaka 1953 akaenda kufanya kazi katika hospitali ya akili ya Blida-Joinville nchini Algeria. Alijaribu kuwapa wagonjwa wake shughuli za pamoja: mikutano, gazeti la hospitali, filamu na sherehe. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu mambo yalikwenda vizuri. Katika wodi ya wanaume Waislamu wa Algeria yalishindikana kabisa. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay wangeweza kusema kwamba wagonjwa wale ni wazito wa kuelewa, kama walivyosema wengi wakati wa ukoloni. Badala yake waliandika, mwaka 1954, kwamba walikuwa wamehamisha desturi za Ulaya na kuwabebesha watu wasiozijua. Ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, zikaadhimishwa sikukuu za Kiislamu, akaalikwa msimulizi wa hadithi. Ndipo wodi ikachangamka.

Katika mkoa wetu wenyewe yupo Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norwei aliyefika Tanganyika mwaka 1959 na kuanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wa kifafa wakiogopwa na kutengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa kuwa walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa. Alisikiliza kwanza watu wanauelezaje ugonjwa huo na wanaogopa nini, ndipo akaleta dawa. Wagonjwa walipoanza kupata nafuu, jamaa zao wakaona kwa macho yao kwamba inawezekana kumgusa mgonjwa bila kuambukizwa. Baadaye alisomea magonjwa ya akili Kanada, na kwa miaka mingi aliendelea kuandika juu ya wagonjwa wa Mahenge.

Yaliyojaribiwa Morogoro

Mkoa wa Morogoro una nafasi ya pekee katika historia ya tiba ya akili nchini. Kwa miongo mingi, mgonjwa wa akili aliyezidiwa alipelekwa mbali na kwao, mara nyingi hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Katika miaka ya 1980, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark. Mikoa miwili ikachaguliwa kuwa ya majaribio: Kilimanjaro na Morogoro. Nia ilikuwa kwamba huduma ya akili itolewe palepale panapotibiwa malaria na kuhara, yaani katika zahanati na vituo vya afya, na wahudumu waliopo wafunzwe kuitoa.

Mgonjwa anapotibiwa karibu na kwao, familia yake inaingia chumbani pamoja naye, na kila familia ina utaratibu wake. Kwa Waluguru, kwa mfano, ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo na matambiko yake yamefungamana na upande huo, na mjomba ana sauti kubwa. Mhudumu wa Kinole au Mgeta anayemwita baba peke yake kujadili matibabu ya kijana anaweza kushangaa kwa nini dawa hazinywewi: hajazungumza na mwenye kauli. Siku hizi mambo yamebadilika katika familia nyingi, hasa za mjini, na Mluguru mmoja hafanani na mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa kumwuliza mgonjwa aliye mbele yetu, tusijibu kwa niaba yake kutokana na yale tuliyoyasoma kuhusu kabila lake.

Vilevile tukubali kwamba wagonjwa wengi wamepita kwingine kabla ya kufika kwetu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uligundua kwamba miongoni mwa waliohudhuria vituo vya afya vya msingi, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi uliopindukia. Miongoni mwa waliokwenda kwa waganga wa jadi, kiwango kilikuwa asilimia 48. Tukimkejeli mgonjwa kwa kwenda kwa mganga, hataacha kwenda. Ataacha kutuambia, na sisi hatutajua ni dawa gani anazichanganya na zetu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuandika

Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitoa mwongozo wa mahojiano wenye maswali 16 ya kumsaidia mtabibu kuelewa utamaduni wa mgonjwa. Ulijaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Hapa kwetu, wataalamu wa Dar es Salaam walitunga dodoso la maswali 19 la kutambua sonona, wakitumia maneno ambayo watu wenyewe huyatumia kueleza hali zao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Katika zahanati yenye foleni ndefu si rahisi kuuliza yote. Mimi nimebaki na haya saba, na huchukua kama dakika kumi:

1. Tatizo hili kwenu mnaliitaje?
2. Unadhani limetokana na nini? Na ndugu zako wanasemaje?
3. Neno ulilolitumia, nieleze hali hiyo inakuwaje mwilini na moyoni mwako.
4. Umekwisha kutafuta msaada wapi: kanisani, msikitini, kwa mganga, duka la dawa? Ulipewa nini?
5. Ni nani katika familia mwenye kauli juu ya matibabu yako? Ungependa ashirikishwe?
6. Tangu uondoke kwenu, kuna msiba, deni au jambo lolote uliloliacha bila kulimaliza?
7. Unaogopa nini zaidi: ugonjwa, dawa, au watu kujua?

Swali la saba lina uzito maalumu kwa mwanafunzi mgeni. Anaweza kuhofia kwamba chuo kitamrudisha kwao, kwamba mfadhili atakatisha msaada, au kwamba kibali chake cha kuishi nchini kitaguswa. Mweleze wazi kwamba siri yake italindwa, na mweleze pia mipaka ya siri hiyo, kwa mfano pale uhai wake au wa mwingine unapokuwa hatarini.

Ikiwa mkalimani anahitajika, usimchukue mwanafunzi mwenzake kwa haraka kwa sababu tu wanatoka nchi moja. Watu wa nchi moja wanaweza kuwa wamekimbia pande mbili za vita moja. Mwulize mgonjwa kwanza kama anaridhia.

Kosa la upande wa pili

Nisieleweke vibaya. Lipo kosa la kinyume na langu, nalo linaua. Ni kusema "hiyo ni mila yao" na kumwacha mgonjwa wa kweli aende zake. Sauti zinazoamrisha, kushuku kwamba kila mtu anakudhuru, maneno yasiyofuatana na kuchanganyikiwa kwa ghafla havipaswi kufunikwa kwa jina la utamaduni. Kabla ya kumpa kijana yeyote jina la ugonjwa wa akili, pima malaria, angalia homa na ukakamavu wa shingo, uliza juu ya kifafa, pombe, bangi na dawa nyingine, na fikiria virusi vya UKIMWI. Kuheshimu imani ya familia hakumaanishi kukubali mgonjwa afungwe minyororo, apigwe, anyimwe chakula au aachishwe dawa za kifafa. Hapo mhudumu anapaswa kusema hapana, kwa adabu na bila kuyumba.

Vilevile uliza kuhusu kujiua, na uliza waziwazi: "Je, umefikia hatua ya kutamani kufa, au kupanga kujiua?" Wengi wetu huogopa kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halifanyi hivyo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua.

Kwako mwanafunzi uliye mbali na kwenu

Ikiwa usingizi umekuhama, chakula hakipiti, masomo yamekushinda na hali hiyo imeendelea kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya. Tumia maneno yako mwenyewe. Usijilazimishe kusema "sonona" ikiwa kwenu husema moyo umekuwa mzito au mawazo yamejaa kichwani. Mtabibu akirudia maneno yako vibaya, msahihishe. Si utovu wa adabu; unamsaidia akutibu vizuri. Ukipewa dawa, uliza ni ya nini, ina madhara gani, na ufanye nini yakitokea. Na ukijikuta unafikiria kujidhuru, usisubiri kupambazuke: mwambie mtu aliye karibu, na mwende pamoja hospitalini.

Yule kijana tulimwachisha haloperidoli. Tulimtibu sonona kwa dawa na kwa mazungumzo ya kila wiki, na mengi kati ya mazungumzo hayo yalihusu baba yake. Muuguzi ndiye aliyemwuliza kama kwao wana matanga. Alisema wanayo, na wanayaita kwa jina hilohilo. Jumamosi moja watu wa kwao waliokuwa mjini walikusanyika katika chumba cha kupanga huko Kihonda, wakapika, wakaimba na kumzungumzia marehemu hadi usiku. Mimi sikwenda. Muuguzi alikwenda, akapeleka sukari na majani ya chai.

Mwaka ule wa masomo aliupoteza, akaurudia, na hatimaye akahitimu. Usingizi wake ulirudi polepole. Mara ya mwisho alipokuja kliniki nilimwuliza kama bado anamsikia baba. Alitabasamu kidogo, akasema: "Namusikia, daktari. Lakini sasa ananiacha nilale."

Safari hii niliandika maneno yake kama alivyoyasema, na pembeni nikaandika maana yake kama alivyonieleza.